Fidelia Aliyesomea Sheria Bila Kuwa Wakili

Kaka yake, Onésimo, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumcheka. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, tumeizunguka sufuria ya posole, supu yetu ya mahindi na nyama, jikoni kwa Fidelia, naye akatangaza kwamba amekubaliwa na chuo kimoja cha jimbo jingine. Angesoma kwa mtandao, hapohapo nyumbani, apate shahada ya uzamili ya masomo ya sheria kwa watu wasio mawakili. Onésimo akaweka kijiko chini.

"Ngoja kwanza nielewe," akasema. "Ukimaliza utakuwa wakili?"

"Hapana."

"Utaweza kumtetea mtu mahakamani?"

"Hapana, kaka."

"Kwa hiyo utasoma miaka miwili ili waje wakuambie rasmi kwamba wewe si wakili? Mimi sijasoma hata siku moja na si wakili vilevile. Nimekuzidi, mdogo wangu!"

Tulicheka mpaka Melba, mke wa Onésimo, akapaliwa na supu. Fidelia mwenyewe alicheka. Lakini alipokuwa akikusanya mabakuli nilimwona ameuma mdomo wa chini, na mimi namjua, akiuma mdomo hivyo basi neno limekwisha.

Mimi naitwa Femia Quintana. Shamba langu limepakana na lake, chini kidogo, kwenye mfereji mmoja unaochukua mtoni maji ya theluji iliyoyeyuka mlimani na kuyagawa kwa mashamba yote ya El Sauzal. Sisi tunauita asekia. Maji hayanifikii mpaka yawe yamepita kwake, na huwezi kuwa na jirani wa namna hiyo usimjue. Fidelia Archuleta alikuwa muuguzi wa shule yetu, mwanamke mfupi, mwepesi wa kutembea, mwenye sauti ya kuwaambia watoto watoe ulimi. Mumewe, Arsenio, alifanya kazi ya barabara za wilaya, kuziba mashimo kiangazi na kusukuma theluji kipupwe. Watoto wao walikuwa wakubwa na wamekwenda zao Denver. Hakuna aliyetarajia kwamba mwanamke wa umri ule, mwenye kazi na bustani ya pilipili, angerudi shule.

Kilichomsukuma ni habari ya shamba la Lobato. Mzee Lobato alipofariki, warithi wake waliokuwa California waliiuza haki yake ya maji kwa kampuni moja iliyokuwa ikijenga nyumba mbali huko kusini. Kwetu maji yana mwenyewe, kama ardhi. Yakiuzwa nje, hubaki huko huko nje. Tangazo lilitoka gazetini, nani analisoma, na muda wa kupinga ukapita. Tulipokuja kushtuka, wakili wa kampuni alikubali kuja kutuelezea kwenye ukumbi wa kanisa. Kijana mwenye adabu, aliyetuletea donati. Akaongea, sisi tukatikisa vichwa kukubali. Fidelia aliuliza swali moja tu, na yule kijana akamjibu kwa sentensi ndefu ambayo kila neno lake tulilijua, ila yakiwekwa pamoja hayakuwa na maana yoyote.

Njiani kurudi nyumbani akaniuliza, "Femia, wewe umeelewa nini pale?"

"Donati," nikamwambia.

Hakucheka. "Mimi nimeona haya," akasema. "Sijaona haya kwa sababu ametushinda. Nimeona haya kwa sababu nilitikisa kichwa kama niliyeelewa."

Chuo cha sheria chenyewe, cha kumtoa mtu wakili, kiko Albuquerque, miaka mitatu ya kukaa darasani, na yeye hakuwa na haja ya uwakili. Alitaka akiambiwa jambo awe ameambiwa kweli, alielewe. Ndipo akaipata ile kozi, iliyowekwa kwa watu kama yeye hasa. Wenzake wa darasani, aliokuja kuwajua mmoja mmoja ingawa hakuwahi kuwapa mkono, walikuwa msimamizi wa hospitali huko Ohio, polisi wa Georgia, bwana mmoja wa mambo ya samaki Alaska, na mama wa Texas aliyekuwa akishughulikia malalamiko ya wafanyakazi kiwandani. Kila wiki walipewa swali na kujibizana kwa maandishi. Yule polisi alikuwa mbishi. Fidelia alikuja kwangu siku moja amevimba, akaniambia, "Kuna mtu Georgia anajifanya anajua katiba kuliko mimi," kana kwamba ni jirani aliyemfungia maji.

Mtandao wa bonde letu unajulikana. Upepo ukipiga, huna mtandao. Akawa anabaki kwenye maegesho ya shule baada ya kazi, ndani ya gari lake, kompyuta kwenye usukani, akishika mtandao wa shule kupitia ukutani. Wazazi waliokuja kuchukua watoto wa mpira walidhani amegombana na Arsenio na haendi nyumbani. Maneno yakazagaa. Arsenio akaulizwa dukani kama mambo ni salama, akajibu, "Ana bwana mwingine. Anaitwa Mikataba."

Insha yake ya kwanza ilirudi na alama ya C. Alikuwa ameandika juu ya maji, kwa uchungu wote, kurasa nyingi. Profesa, mama ambaye Fidelia alikuwa hajawahi kumwona ila uso kwenye kioo cha kompyuta, alimwandikia chini: *Umenieleza vizuri sana kilicho haki. Mimi nilikuuliza sheria inasema nini.* Alinisomea maneno hayo tukiwa tunachuma njegere, kisha akatupa kikapu.

"Sasa sheria kama haisemi kilicho haki, inasema nini?"

"Nakuuliza wewe uliyeko shule."

"Naacha. Haki ya Mungu naacha, Femia."

Hakuacha. Alijifunza kuandika wanavyotaka: suala ni hili, kanuni ni hii, kanuni inaligusa suala hivi, basi hitimisho ni hili. Ikamwingia mpaka nyumbani. Arsenio alinilalamikia kwamba akiacha buti mlangoni anahukumiwa kwa hatua nne. "Juzi nikamwambia, mheshimiwa, nakata rufaa. Akaniambia rufaa yako iko kule kwenye sinki, anza na sufuria."

Lakini siku iliyomtia kizunguzungu ni ya mtihani wa kwanza. Mtihani wenyewe husimamiwa na kamera. Hutakiwi kuongea, hutakiwi kugeuka, wala mtu mwingine asionekane chumbani. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, msimu wa kuchoma pilipili. Arsenio alikuwa amefungiwa nje pamoja na mbwa. Ila hakuna aliyemwambia Onésimo. Akaingia kwa mlango wa nyuma, kama alivyoingia nyumba ile maisha yake yote, na ndoo ya pilipili zilizochomwa, akamkuta dada yake ameketi mkavu kama sanamu ya kanisani.

"Fide, unaumwa?"

Fidelia akaendelea kuandika.

"Unaongea na nani hapo? Mbona hunijibu?" Akainama begani kwake, akaona uso wake mwenyewe umetokea pembeni mwa kioo, akavua kofia. "Aa, mwalimu! Habari za huko? Mimi ni kaka yake. Mtoto huyu alikuwa na akili tangu zamani, ila ni mkaidi."

Fidelia alitakiwa kuandika barua ya maelezo ili asifutiwe mtihani. Alieleza kila kitu, ndoo na kofia pamoja. Profesa yule mkali akamjibu kwamba maelezo yamekubaliwa, na akauliza kama pilipili zilikuwa kali. Tangu hapo wakaelewana.

Mwaka wa pili ulipoanza, sifa zilikuwa zimevuka bonde. Watu walimfuata kliniki ya shule na mambo ambayo hayana uhusiano na homa ya mtoto. Mmoja anataka kumtaliki mume, mwingine mbwa wake ameuma kuku wa watu, mwingine ameuziwa gari bovu. Yeye aliwaambia wote kitu kilekile: "Mimi si wakili, na nikikushauri kama wakili nitakuwa nimevunja sheria. Lakini nitakuonyesha ofisi ya msaada wa sheria iko wapi, na nitakuambia uwaulize nini." Wengine waliridhika. Bibi Prisca, ambaye hajawahi kuridhika, alisema, "Basi shule hiyo wanafundisha kukataa tu."

Majira hayohayo tukamchagua kwenye kamati ya mfereji. Kamati ni watu watatu: mwenyekiti alikuwa mzee Tranquilino, aliyezima vifaa vyake vya kumsaidia kusikia kila alipochoka kubishana, wa pili Clovis Medrano, mkulima wa alfalfa, majani ya kulishia ng'ombe, na wa tatu Fidelia, katibu. Na kazi aliyoifanya pale ndiyo iliyokuwa kazi yake ya mwisho ya chuo. Sheria ya jimbo letu inaruhusu mfereji kujiwekea kanuni, kwamba mtu akitaka kuyahamishia maji yake nje, aombe kwanza kwa kamati, na kamati ikiona mfereji utaumia, inaweza kukataa. Sisi hatukuwa na kanuni hiyo. Tungekuwa nayo, maji ya Lobato yangekuwa bado yanapita hapa. Fidelia aliiandika, akaipeleka kwa wakili wa kweli wa chama cha mifereji aipitie, akatugongea mlango mmoja mmoja mpaka wenye mashamba wote wakaja kupiga kura. Ikapita. Onésimo alipiga makofi kuliko wote. "Huyo ndiye dada yangu!" akawa anawaambia watu, kana kwamba hatumjui.

Kipupwe kile figo za Melba zikashindwa.

Kutoka kwetu mpaka Albuquerque, kwenye kituo cha kusafishwa damu kwa mashine kilichokuwa na nafasi, ni mwendo wa zaidi ya saa mbili, na safari ni mara tatu kwa wiki. Onésimo alikuwa na goti bovu na gari lenye umri wa goti lake. Kuna siku theluji iliwafungia njiani, Melba akakosa mashine, akavimba mpaka pete haikutoka. Walihitaji kuhamia mjini karibu na kituo, na mjini hakuhamiki kwa mapenzi tu. Ile kampuni ya nyumba, ambayo macho yake hayakuwahi kutoka kwetu, ikamfuata Onésimo. Akakubali kuwauzia maji yake. Kisha, kwa kuwa kanuni mpya ilimtaka, akaleta ombi lake kwa kamati. La kwanza kabisa tangu kanuni iandikwe.

Fidelia alikuja kwangu siku hiyo, akakaa, hakugusa kahawa.

"Si angeniambia kwanza," akasema.

"Angekuambia ungefanyaje?"

"Sijui. Ningelia mapema."

Kikao kilifanyika mwezi wa Machi, Jumamosi mchana, baada ya wiki ya kusafisha mfereji. Watu waliingia ukumbini na tope kwenye buti, koleo zikaegemezwa ukutani. Wakili wa kampuni alikuwa yuleyule. Safari hii hakuleta donati. Mzee Tranquilino akagonga meza, na kabla hajasema neno Fidelia akasimama.

"Mwenyekiti, mwombaji ni kaka yangu wa tumbo moja. Tena shamba langu na lake yanatumia kilango kimoja cha kufungulia maji. Maji yake yakiondoka, mimi ni wa kwanza kuumia. Nina maslahi pande zote mbili. Siwezi kukaa kwenye kiti hiki kwa jambo hili. Sitapiga kura wala sitachangia."

Akachukua koti lake, akashuka, akaja kukaa kwenye benchi la nyuma kando yangu.

Ukumbi ukachafuka. Clovis alikuwa wa kwanza. "Dada, usitufanyie hivyo! Sisi tulikuweka pale kwa ajili ya siku kama hii!"

"Ndivyo sheria inavyotaka, Clovis."

"Tumekusomesha ili utukimbie?" bibi Prisca akapaza sauti.

"Nani kanisomesha, mama? Nilijisomesha mwenyewe kwenye gari."

Wachache walicheka, wengi hawakucheka. Nilisikia mtu nyuma yetu akisema woga ni woga tu hata ukiuvisha joho. Fidelia alikuwa anatazama mbele, mkono wake umeshika wangu chini ya koti. Mkono ulikuwa wa baridi kama koleo.

Onésimo akapewa nafasi. Hakuwa msemaji. Alisimama amekunja kofia, akasema mfereji huu babu yake aliuchimba pamoja na babu zetu, na yeye ameusafisha kila mwaka tangu alipoweza kuinua koleo. "Sitaki kuuza," akasema. "Nisikilizeni vizuri. Sitaki. Lakini mke wangu anakufa barabarani. Hafi kwa figo, anakufa kwa barabara. Nionyesheni kitu kingine cha kuuza, nitakiuza. Sina kingine." Akakaa. Melba alikuwa kando yake, mgongo wima, midomo imepakwa rangi. Hakumtazama mtu.

Kisha wakili wa kampuni akaongea, kisha wenye mashamba ya chini wakaongea, mmoja baada ya mwingine, kwa upole, wakitazama sakafu: kwamba tangu maji ya Lobato yaondoke, msukumo umepungua, mwezi wa saba maji hayafiki mwisho wa mfereji, yakiondoka na ya Onésimo, wa mwisho wafunge tu. Na mimi nilikuwa miongoni mwao, nikasema. Mzee Tranquilino alikataa ombi huku machozi yanamchuruzika kwenye mashavu. Clovis naye akakataa. Kwisha.

Sababu zilipaswa kuandikwa vizuri, na katibu alikuwa kwenye benchi. Wakaniita mimi nikaandike. Nilifika sentensi ya pili nikakwama, nikageuka kumtazama Fidelia. Akatikisa kichwa kukataa. Hata mkato hakunionyesha pa kuweka. Ikabidi wakili wa chama cha mifereji aje wiki iliyofuata atusaidie.

Kesho yake baada ya kikao, Fidelia alimfuata kaka yake. Nilikuwa naye, kwa kuwa aliniomba. Onésimo alikuwa langoni anafunga waya, hakutufungulia.

"Umekuja kama nani?" akauliza. "Kama katibu au kama dada? Maana jana sikukuona upande wowote."

"Nimekuja kama Fide."

"Fide angeniangalia usoni akasema, kaka, nakataa. Ningegombana naye, ningemtukana, tungeishia kula. Wewe ulikwenda kukaa nyuma kama mgeni wa msibani."

"Kama ningekaa pale ningekataa, Onésimo."

Waya ukasimama mkononi mwake.

"Ningekataa," akarudia. "Ningekutazama usoni na ningekataa. Na wakili wao angesema dada mwenye kilango kimoja na kaka amekataa ili abaki na maji, na angelivunja jambo zima mahakamani. Ningekubali, watu wangesema ni undugu, na kanuni ingekufa siku ileile. Sikukaa nyuma kwa sababu sikuwa na la kusema. Nilikuwa nalo. Ndiyo maana nilikaa nyuma."

Onésimo akamalizia kufunga waya. "Basi angalau umesema," akamwambia. Akaingia ndani, akaturudishia mlango. Miezi mingi ikapita hawakusemeshana.

Melba ndiye ambaye hakununa. Fidelia alimpigia simu akamwambia, "Wifi, Jumamosi nakupeleka mimi." Melba akasema, "Uje mapema, na usije na ule muziki wako." Basi likawa jambo la kawaida: Jumanne Arsenio, aliyebadilishana zamu na wenzake wa barabara, Alhamisi mimi, Jumamosi Fidelia. Masika yote na kiangazi chote. Onésimo alimfikisha mkewe getini na kumkabidhi. Kwangu na kwa Arsenio alisalimia. Jumamosi alimfungulia Melba mlango wa gari, akamfunga mkanda, akarudi zake bila kumtazama dereva.

Kwenye gari hilo na pale kituoni ndiko Fidelia alikomalizia masomo. Melba alikuwa na ulimi mkali na muda mwingi. Akiwa kwenye mashine, mkono mmoja umefungwa mirija, mwingine umeshika madokezo, alimsaili wifi yake kwa sauti ambayo wagonjwa wa vitanda vyote walisikia.

"Vitu gani vinahitajika ili mkataba uwe mkataba?"

"Pendekezo, kukubali, na kila upande kutoa kitu."

"Umesahau nia."

"Nilikuwa nafika huko, wifi."

"Hukuwa unafika popote. Muuguzi, hebu mpe huyu maji, ubongo umekauka."

Mzee mmoja wa kitanda cha pili, dereva wa lori mstaafu, alianza kujibu maswali kabla ya Fidelia. Melba akampa alama za juu. Ni katika Jumamosi mojawapo ya hizo, wakirudi, Melba alipomwambia jambo ambalo Fidelia alinisimulia baadaye mara nyingi. "Mume wangu hakukasirika kwa sababu maji yamekataliwa," alisema. "Amekasirika kwa sababu alipokuwa amesimama pale na kofia yake, alikutafuta kwa macho ili apate nguvu, na kiti chako kilikuwa kitupu." Fidelia alisimamisha gari kando ya barabara, akalia. Melba akamwacha alie, kisha akamkumbusha kwamba maduka yanafungwa.

Sheria haikuwapatia nyumba mjini. Kilichotokea ni kwamba Fidelia alianza kuulizauliza, mlango kwa mlango kama alivyofanya wakati wa kanuni, nani anataka kulima. Mjukuu wa mzee Lobato, msichana aitwaye Noemí, aliyekuwa amechoka na kazi ya ofisini Denver, alikuwa akitamani kurudi na mumewe. Ardhi ya babu yake ilikuwepo lakini kavu. Akalikodi shamba la Onésimo, pamoja na maji yake, kwa ajili ya vitunguu saumu na pilipili, na nyumba pia. Kodi hiyo iliwatosha kupanga mjini, ila haikufikia hata karibu na kile ambacho kampuni ingewapa. Fidelia alilijua hilo na halikumtoka. Aliniambia wazi kwamba kanuni aliyoiandika imewapotezea kaka na wifi yake nyumba yao wenyewe mjini, na wanakwenda kukaa kwenye vyumba viwili vya kupanga, ghorofa ya pili, madirisha yakitazama uwanja wa matairi. "Na ningeiandika tena," akasema. "Hilo ndilo linaloniuma."

Walihama mwezi wa Oktoba. Arsenio aliendesha lori, sisi wengine tukabeba. Ngazi zilikuwa nyembamba na kabati la Melba lilikwama kwenye kona, Onésimo juu, Fidelia chini, hakuna wa kupishana. Wakasimama hapo na kabati kati yao.

"Sukuma kushoto," Onésimo akasema. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu Machi.

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kushoto ni kushoto, msomi."

"Kwako na kwangu si kumoja, tumetazamana!"

Melba, kutoka juu, akauliza kama wanasubiri mahakama ifunguliwe. Onésimo akaanza kucheka. Ni kicheko kilichoanzia tumboni, kabati likamtetemeka mkononi, na Fidelia kule chini akawa anacheka na kulia huku anamwambia asiache, asiache, litamwangukia. Tulilitoa kwa kung'oa mlango wake mmoja.

Alihitimu Desemba. Chuo kilikuwa mbali na hakwenda. Alitazama sherehe kwenye simu akiwa kituoni kwa Melba, jina lake likasomwa vibaya, na wagonjwa wakapiga makofi kwa mkono mmoja mmoja, wakipiga mapaja. Wifi yake alikuwa amemwamuru aagize joho na kofia, akavaa pale kati ya mashine. Picha ninayo. Onésimo yuko pembeni, amevaa tai ya kamba, anatazama pengine kabisa, mlangoni, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Hakupata kazi mpya kwa shahada ile, wala hakuitafuta. Aliendelea kuwa muuguzi wa shule na katibu wa mfereji. Mifereji mingine ya bonde ilimwita akawaeleze kanuni zao, naye akaenda, na kila mahali alianza kwa kuwaambia yeye si nani. Bibi Prisca hajamsamehe. Clovis alimsamehe mwaka uliofuata, ombi la binamu yake Clovis mwenyewe lilipoletwa mbele ya kamati, na yeye akajikuta anainuka kwenye kiti, amekasirika, anakwenda kukaa benchi la nyuma.

Melba aliishi miaka minne zaidi. Onésimo yuko mjini bado. Anasema goti halitaki tena ngazi lakini yeye hataki tena kuhama. Humpigia dada yake kila Jumapili. Haulizi habari za shamba, wala Noemí ameotesha nini. Huuliza mlimani kuna theluji kiasi gani. Na Fidelia hutoka na simu hadi uani, hata kukiwa na upepo, apate kumwambia alichokiona.